Maswali ya Wasomaji: Namna ya Kujiandaa kwa Mafunzo ya Kazi katika Benki za Uwekezaji

Barua tulizopokea tangu toleo lililopita zimerudia jambo moja mara nyingi kiasi kwamba tumeamua kulitengea safu nzima ya mwezi huu. Wanafunzi wa vyuo vikuu, na hata wazazi wao, wanataka kujua namna ya kupata nafasi ya mafunzo ya kazi, au uanagenzi kama wasemavyo wasomaji wetu wa Kenya, katika benki za uwekezaji. Kwa wasiozifahamu, benki za aina hii hazishughuliki na akiba ya mtu wa kawaida wala mkopo wa mwenye duka. Kazi yake ni kuzisaidia kampuni na serikali kupata mitaji kwa kuuza hisa na hatifungani, yaani hati za mkopo, na kuzishauri kampuni pale zinaponunuana au kuungana. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la walioandika.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kijana wa Mombasa, nasoma uchumi mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Wenzangu hapa wanazizungumzia nafasi za kiangazi za New York kana kwamba usaili ni kesho, ilhali mimi nilidhani hayo ni mambo ya mwaka wa nne. Je, nimechelewa? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Hujachelewa, lakini wenzako wana sababu ya kuwa na haraka. Katika benki kubwa za Marekani, kama vile Goldman Sachs, JPMorgan na Morgan Stanley, nafasi inayotafutwa zaidi ni ile ya kiangazi kinachofuata mwaka wa tatu wa masomo. Mafunzo hayo huchukua takriban wiki kumi, na benki huyatumia kama usaili mrefu: anayefanya vizuri hupewa barua ya ajira kabla hajaanza mwaka wa nne. Kwa kuwa sehemu kubwa ya wachambuzi wapya, yaani waajiriwa wa ngazi ya kwanza, hupatikana kwa njia hiyo, anayesubiri hadi karibu na kuhitimu hukuta viti vichache sana vimebaki.

Sasa tazama kalenda. Benki zimekuwa zikishindana kuwahi wanafunzi bora, na kila moja ilipoiwahisha tarehe yake nyingine nazo zikafuata, hadi maombi ya nafasi hizo yakawa yanafunguliwa wakati mwanafunzi angali mwaka wa pili, mara nyingi zaidi ya mwaka mzima kabla ya siku ya kuripoti kazini. Maana yake kwako ni kubwa kuliko inavyoonekana. Siku utakayotuma maombi, karatasi yako ya matokeo itakuwa na mihula mitatu tu, miwili kati yake ikiwa ni ya mwaka huu wa kwanza ambao wanafunzi wengi huuchukulia kuwa ni wa kuzoea baridi na chakula cha bwenini. Benki nyingi huanza kutia shaka wastani ukishuka chini ya 3.5 kati ya 4. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya maandalizi yako ni alama za muhula huu ulio nao, na hakuna ujanja wa baadaye utakaoziba pengo hilo kwa wepesi.

Kazi ya pili ni kutafuta lolote linalohusu hesabu za biashara kwa likizo yako ya kwanza. Usidhani lazima liwe na jina kubwa. Ukirudi Mombasa na ukapata miezi miwili katika SACCO au katika kampuni ya uwakala wa forodha, ukapewa kulinganisha taarifa za benki na vitabu vya kampuni, hiyo ni kazi halali ya kuandikwa kwenye wasifu, mradi uieleze kwa vitendo na tarakimu: ulilinganisha akaunti ngapi, uligundua kasoro gani, mkuu wako alifanya nini baada ya hapo.

Tatu ni kufahamiana na watu. Benki hizi zina vyuo vichache ambavyo huvitembelea kila mwaka kuajiri, na vyuo vingi vya majimbo ya kati havimo. Mwanafunzi wa chuo kisichotembelewa hana budi kuwafuata watu mmoja mmoja, akianzia na wahitimu wa chuo chake mwenyewe walioko kwenye benki, ambao hupatikana kupitia ofisi ya wahitimu au LinkedIn. Hapa ndipo vijana wetu hujikwaa, na hujikwaa kwa sababu ya malezi mema. Tumefunzwa kuanza na salamu ndefu, kueleza ukoo na safari yetu, kisha kuomba kwa unyenyekevu. Nimesoma barua pepe za namna hiyo zenye aya tano, na ombi la kazi likiwa limefichwa katika aya ya mwisho. Mtu anayefanya kazi hadi usiku wa manane haifiki aya hiyo. Andika sentensi nne au tano: wewe ni nani na unasoma wapi, umempataje, ni jambo gani katika kazi yake limekuvuta kumwandikia, na kama anaweza kukupa dakika ishirini za simu katika wiki mbili zijazo. Usiombe kazi katika barua hiyo. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki moja, kisha muache.

Akikubali, usimuulize yale ambayo tovuti ya benki ingekujibu. Muulize kikundi chake kinashughulikia kampuni za sekta gani, ni muamala upi uliomfundisha zaidi, na mwanafunzi anayefanya mafunzo pale hukosea wapi. Siku hiyo hiyo mwandikie shukrani fupi, na uweke daftari la majina, tarehe na mliyozungumza, kwa sababu miezi minane baadaye, maombi yatakapofunguliwa, utamwandikia tena kumwarifu kwamba umetuma, na hapo neno lake kwa wenzake laweza kuutoa wasifu wako kwenye rundo.

Kuhusu wasifu wenyewe, uwe ukurasa mmoja tu. Wasifu wa kwetu huwa na picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho na majina ya wadhamini watatu. Marekani vyote hivyo huondolewa. Kinachobaki ni masomo na wastani wako, kazi ulizofanya, uongozi katika vyama vya chuo, na mstari mmoja wa lugha na mambo unayoyapenda. Kiswahili kiandike hapo bila haya, pamoja na mchezo au hobi unayoweza kuizungumzia kwa dakika tano, maana msaili aliyechoka mara nyingi huanzia kwenye mstari huo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, jijini Nairobi. Sijawahi kusoma uhasibu. Naambiwa kwamba mahojiano ya benki za uwekezaji yamejaa maswali ya hesabu za kampuni, na kwamba kuna miongozo ya maswali 400 ya kukariri. Je, nikariri?

JIBU: Usikariri. Wasaili wanaijua miongozo hiyo kuliko wewe, kwa kuwa wengi wao waliitumia, na hukugundua kwa kuuliza swali lile lile kwa kubadilisha kitu kimoja. Uhandisi si kikwazo. Benki hupokea watu wa fani nyingi. Lakini utatarajiwa kuelewa namna taarifa tatu za fedha zinavyoshikana: hesabu ya faida na hasara, mizania (inayoonyesha mali upande mmoja, na madeni na mtaji upande wa pili), na taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu.

Nikupe swali maarufu kuliko yote, kisha tulipitie hatua kwa hatua. Msaili atasema: gharama ya uchakavu wa mitambo imeongezeka kwa 10, nieleze kinachotokea katika taarifa zote tatu. Tuchukue kodi ya kampuni kuwa asilimia 30, kama ilivyo Kenya na Tanzania, na tuchukulie pia kwamba uchakavu huo unakubalika katika kukokotoa kodi.

Anza na hesabu ya faida na hasara. Uchakavu ni gharama, hivyo faida kabla ya kodi inapungua kwa 10. Kampuni ikipata faida ndogo inalipa kodi ndogo, na kodi inapungua kwa 3. Kwa hiyo faida baada ya kodi imepungua kwa 7. Nenda kwenye mtiririko wa fedha. Taarifa hii huanza na ile faida baada ya kodi, ambayo imeshuka kwa 7. Lakini uchakavu haukumtoa mtu shilingi mfukoni, ni maandishi tu ya kukubali kwamba mtambo umezeeka, kwa hiyo unaurudisha wote, 10. Fedha taslimu zimeongezeka kwa 3. Malizia na mizania. Upande wa mali, fedha taslimu zimepanda 3 na thamani ya mitambo imeshuka 10, jumla imeshuka 7. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa katika mtaji wa wenye kampuni imeshuka 7. Pande zote mbili ziko sawa.

Wengi hukomea hapo wakafurahi. Msaili mzuri ataongeza: kampuni imepataje fedha zaidi ilhali faida yake imeshuka? Jibu liko kwenye ile 3 ya kodi iliyookolewa, na ukilisema kwa utulivu, bila kurudia hesabu nzima, anajua kwamba umeelewa. Kisha anaweza kukuuliza hali itakuwaje iwapo kampuni haina faida na hailipi kodi yoyote mwaka huo, au iwapo kilichoongezeka ni bidhaa ghalani zilizonunuliwa kwa fedha taslimu. Fanya mazoezi ya maswali ya namna hiyo kwa sauti, mbele ya mwenzako, bila karatasi. Ukimya wa chumba cha usaili huwasahaulisha watu mambo waliyoyajua vizuri walipokuwa wakiyaandika.

Baada ya hapo jifunze thamani. Tofauti inayowasumbua wengi ni kati ya thamani ya hisa zote na thamani ya kampuni nzima. Chukua kampuni yenye hisa milioni 100, kila moja ikiuzwa shilingi 20: hisa zote zina thamani ya shilingi bilioni 2. Kampuni hiyo ina mikopo ya milioni 800 na fedha taslimu milioni 300. Anayeinunua anabeba na mikopo yake, lakini pia anazikuta zile fedha sandukuni, kwa hiyo thamani ya kampuni nzima ni bilioni 2 jumlisha milioni 800 toa milioni 300, yaani bilioni 2.5. Ukishalielewa hilo, njia tatu za kawaida za kukadiria thamani hazitakutisha: kulinganisha na kampuni zinazofanana zilizoko sokoni, kulinganisha na bei zilizolipwa katika mauzo yaliyopita, na kukadiria fedha ambazo kampuni itazalisha miaka ijayo kisha kuzipunguza ziwe thamani ya leo.

Vitabu vya mazoezi unavyo bure mlangoni. Benki za Kenya hutakiwa kuchapisha matokeo yao kila robo mwaka, nawe huyaona magazetini. Safaricom, ambayo mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Machi, huweka ripoti yake kamili kwenye tovuti. Chukua ripoti moja, ujenge taarifa zake tatu katika Excel kwa mkono wako, miaka mitatu iliyopita na miwili ya makadirio, hadi mizania ikae sawa. Utakesha siku kadhaa ukitafuta kwa nini haikai sawa, na kukesha huko kutakufundisha kuliko yale maswali 400.

Jambo moja zaidi ambalo wahandisi hulisahau: karibu kila usaili una swali la muamala uliowahi kuufuatilia. Mtu wa Nairobi hana haja ya kuzungumzia muamala wa Wall Street aliousoma jana yake usiku. Mwaka 2020 Equity Group ilinunua asilimia 66.53 ya benki ya BCDC ya Kongo kwa dola milioni 95, ikiwa ni pungufu ya bei ya milioni 105 iliyokuwa imekubaliwa awali, na baadaye ikaiunganisha na benki iliyokuwa nayo kule na kuwa EquityBCDC. Gawanya 95 kwa 0.6653 upate kwamba benki nzima ilithaminiwa takriban dola milioni 143. Kisha jiulize yale ambayo msaili atakuuliza: kwa nini Kongo, kwa nini kununua benki iliyokuwepo badala ya kupanua ile ya zamani, na kwa nini bei ilishuka katika mwaka ule wa janga la korona. Kama una maoni yako yenye sababu, hata yakiwa ya kuukosoa ununuzi, umeshawapita wengi.

SWALI: Nasoma uchumi Minnesota, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Je, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya mafunzo haya ya kiangazi? Na katika fomu, wakiuliza kama nitahitaji udhamini wa kibali cha kazi, nijibu nini?

JIBU: Unaruhusiwa, kwa kibali kiitwacho CPT, ambacho hutolewa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako baada ya kuwa umesoma kwa mwaka mzima wa masomo, na kwa sharti kwamba kazi hiyo inahusiana na fani yako na imo katika mtaala. Usianze kazi hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-20, hati ya uanafunzi unayopewa na chuo. Baada ya kuhitimu una miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi katika fani yako, na wenye shahada zinazohesabiwa kuwa za sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huongezewa 24. Hapa kuna jambo la kuuliza wiki hii, si mwaka wa nne: vyuo vingine vimeisajili shahada ya uchumi chini ya namba ya uainishaji wa fani 45.0603, ya uchumi wa kihesabu, ambayo imo kwenye orodha hiyo, na vingine bado vinatumia namba ya uchumi wa jumla ambayo haimo. Tofauti ni miaka miwili ya kufanya kazi kihalali, na pengine unachotakiwa kufanya ni kuongeza masomo mawili ya takwimu na kubadili mkondo.

Kwenye fomu jibu ukweli, kwamba baadaye utahitaji udhamini. Uwongo huo hugunduliwa, na hata barua ya ajira iliyokwisha kutolewa huweza kufutwa. Benki nyingi kubwa zimezoea kudhamini. Ndogo nyingi hazidhamini, basi muulize afisa wa ajira kabla ya kutumia muda wako. Viza ya kazi ya H-1B, ambayo ndiyo mwajiri hukudhamini kuipata, hutolewa kwa bahati nasibu, nafasi 65,000 kwa mwaka pamoja na 20,000 za waliosoma shahada za juu Marekani, na Septemba 2025 serikali ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Kwa sababu hiyo mimi humshauri kila mwanafunzi wa kigeni atume maombi London pia, ambako benki zile zile zina ofisi kubwa, na ambako hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupata wiki ya kuitembelea benki katika majira ya kuchipua.

SWALI: Mimi nasoma fedha na benki Dar es Salaam, mwaka wa pili. Makala za mtandaoni zote ni za New York. Sisi wa hapa tunafanyaje? Je, nianze mitihani ya CFA?

JIBU: Umeuliza vizuri, na jibu linafaa Nairobi na Kampala vilevile. Hapa kwetu hakuna kalenda ya pamoja, wala mfululizo wa usaili wa siku nzima ambamo mwanafunzi hukaa na maofisa wanne au watano, mmoja baada ya mwingine. Kampuni zenye leseni ya ushauri wa uwekezaji na udalali wa hisa kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni chache, na timu zake ni za watu wachache. Nyingi hazitangazi nafasi za mafunzo kabisa. Huchukua mwanafunzi aliyefika, mwenye barua ya chuo ya mafunzo kwa vitendo, katika wiki ambayo wamezidiwa na kazi. Kwa hiyo usisubiri chuo kikupangie ofisi mwezi Julai. Pata orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Mamlaka, peleka barua yako miezi mitatu au minne kabla, kwa mkono inapowezekana, na umtaje kwa cheo yule unayemwandikia. Hapa, tofauti na New York, salamu kamili na adabu ya kumwita mtu mzima kwa heshima yake bado vinafungua milango.

Upanue wigo pia. Kazi ya miamala ya kampuni hufanywa na vitengo vya uwekezaji vya benki za kawaida kama Stanbic, Absa na Standard Chartered, na vilevile na idara za ushauri za KPMG, PwC, Deloitte na EY, zenye ofisi Dar es Salaam na Nairobi. Mwanafunzi aliyekaa wiki nane akikagua vitabu vya kampuni inayotaka kuuzwa amejifunza mambo yale yale ambayo mwenzake wa benki ya uwekezaji hujifunza, na pengine amekaa karibu zaidi na nyaraka zenyewe.

Soma miamala ya soko letu, ni michache kiasi kwamba unaweza kuijua yote mikubwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, likiwa na TOL, kampuni ya gesi za viwandani, kama kampuni ya kwanza. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zaidi ya milioni 560, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya takriban shilingi bilioni 476. Pata waraka wake wa matarajio, yaani kitabu kinachowaeleza wanunuzi kampuni na hisa zinazouzwa, uusome mwanzo hadi mwisho. Utajifunza kwa nini kampuni iliuza, jambo lililotokana na sheria iliyozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zake kwa umma; utakokotoa kwamba kwa bei hiyo kampuni nzima ilithaminiwa takriban shilingi trilioni 1.9, na utajiuliza kwa nini muda wa mauzo uliongezwa na wawekezaji wa nje wakaruhusiwa, ingawa awali hisa zilikusudiwa Watanzania peke yao. Linganisha na mauzo ya Safaricom ya mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya, ambako wanunuzi walifurika hadi wakagawiwa sehemu tu ya walichoomba. Anayeweza kueleza kwa nini mauzo mawili ya robo ya kampuni ya simu, katika nchi jirani, yalikwenda tofauti namna hiyo, ana mazungumzo ya nusu saa na mkurugenzi yeyote wa mtaa huu.

Mashindano ya uwekezaji ya wanafunzi yanayoandaliwa na masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi jiunge nayo, kwa sharti kwamba uandike sababu ya kila hisa unayoinunua. Kushinda kwa kubahatisha hakutakusaidia chochote kwenye usaili.

Kuhusu CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, mtihani wa daraja la kwanza hufunguliwa kwa mwanafunzi aliyebakiza si zaidi ya miezi 23 kuhitimu, kwa hiyo pengine bado hujafikia. Hata ukifikia, sikuhimizi ulikimbilie kwa ajili ya nafasi ya mafunzo. Ada yake ni nzito kwa mfuko wa mwanafunzi, na katika ofisi ndogo za hapa, anayeweza kuunda hesabu ya makadirio isiyo na makosa na kuandika ukurasa mmoja safi wa Kiingereza cha biashara huonekana wa maana siku ya kwanza, awe na mtihani au asiwe nao. CFA ifuate baadaye, mwajiri akikulipia.

SWALI: Mimi ni mama wa Unguja. Mwanangu anasoma London na amepata nafasi ya kiangazi katika benki ya uwekezaji. Nimesikia kwamba vijana hufanyishwa kazi usiku na mchana, na kwamba kijana mmoja aliwahi kufariki. Tena nina wasiwasi juu ya riba. Nimruhusu?

JIBU: Bi mkubwa, ulichosikia kina asili yake. Agosti 2013 kijana wa miaka 21 aliyekuwa akifanya mafunzo katika tawi la London la Bank of America Merrill Lynch alikutwa amefariki bafuni. Uchunguzi wa kisheria ulibaini kwamba alipata kifafa, na kwamba uchovu ungeweza kuwa umechangia, ingawa haikuthibitishwa. Baada ya hapo benki zilianza kuweka mipaka. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwaagiza wanafunzi wake wa kiangazi watoke ofisini kabla ya saa sita usiku na wasirudi kabla ya saa moja asubuhi, na mwaka 2024 JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa wachambuzi wake wadogo, isipokuwa muamala unapokuwa umepamba moto. Saa 80 ni siku sita za zaidi ya saa kumi na tatu kila moja, na hicho ndicho kikomo, kwa hiyo sitakuambia kwamba kazi ni nyepesi. Mwambie ajisajili kwa daktari wa eneo lake mapema, asimfiche afisa rasilimali watu ugonjwa wowote alio nao, na akipewa kazi mbili zenye muda mmoja aseme asubuhi ile ile, si usiku. Wasimamizi hukasirishwa zaidi na kazi iliyochelewa bila taarifa kuliko na kijana aliyesema mapema kwamba amelemewa.

Kuhusu riba, hukumu ya dini atakupa sheikh wako, mimi nitakueleza kazi ilivyo tu. Ndani ya benki hizi kuna vitengo tofauti. Kitengo cha kushauri ununuzi na muungano wa kampuni hulipwa ada ya ushauri, ilhali kile cha hatifungani na mikopo kinahusika na riba moja kwa moja. Hata hivyo, ununuzi mwingi wa kampuni hulipiwa kwa mikopo, na mshauri huihesabu mikopo hiyo katika kazi yake ya kila siku, basi mpe sheikh maelezo hayo yote asije akajibu nusu ya swali. London pia ina wataalamu wengi wa sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, na bidhaa hiyo imeshafika kwetu: Kenya ilipata sukuk ya Linzi ya shilingi bilioni 3 mwaka 2023, kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Benki nyingi humuuliza mwanafunzi ni kikundi gani angependelea kabla ya kiangazi kuanza, na fomu hiyo hutumwa kwa barua pepe ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu. Mwanao aitazame sasa, azungumze na sheikh na nawe kabla ya tarehe hiyo kupita, kwa kuwa wakishapangwa huwa vigumu kuhamishwa.